Kisu Kisichopasua Nyongo

Mimi ni mashoto. Huko kwetu Kimilili mama yangu alinichapa kiganja hiki kwa mwiko mpaka nikawa naogopa kushika kijiko, ati mkono wa kushoto ni wa matusi. Nilipoolewa na Mjaluo nikaja Kisumu, nilidhani nimepona. Wapi! Mama mkwe alianzia palepale mama yangu alipoachia. Wanawake wa sokoni wakaniita Mashoto, na jina Nabututu likabaki la kitambulisho tu. Mtu mmoja peke yake hakuwahi kuniambia nibadilishe mkono, na huyo ni Opondo, mume wangu. Yeye aliutengenezea kisu.

Nataka kueleza habari za hicho kisu, na mnisamehe nikipandisha sauti. Ulimi wangu huu ndio umenifikisha hapa nilipo.

Opondo alikuwa mhunzi huko Kibuye, ile sehemu ya nyuma ya soko ambako nyundo zinapigwa kutwa hata mtu akikutukana husikii. Alifua visu kutoka kwa springi za malori yaliyochoka. Mdogo wake Calvince ndiye aliyevinoa na kuvitia mipini. Mimi nilikaanga samaki karibu na nyumba za Kaloleni tunakokaa, na kila Jumanne nilikwenda Usenge kununua mbuta na ngege.

Anayejua samaki anajua nyongo. Ni kifuko kidogo cha kijani, kimejificha tumboni karibu na ini. Ncha ya kisu ikikitoboa, samaki mzima anakuwa mchungu, umwoshe usimwoshe. Siku moja nilitoboa nyongo tatu asubuhi moja. Nikaenda Kibuye na harufu yangu yote, nikamtupia Opondo kisu chake mbele ya wanaume wenzake.

"Nyinyi kazi yenu ni visu vya kuchinja ng'ombe tu! Nani atatengenezea wanawake kisu yenye akili?"

Wakacheka sana. Calvince akasema, "Shemeji, kisu haina akili. Akili iko kwa mwenye kushika."

"Basi kesho njoo ushike wewe, tuone hiyo akili!"

Opondo hakucheka. Aliokota kile kisu, akaiangalia ncha yake muda mrefu. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Mimi nilikuwa naongea kwa niaba yetu wote wawili.

Ilimchukua miezi miwili. Alikunja ncha kidogo kwenda juu, akaiacha na kichwa cha mviringo, ukubwa wa punje ya ndengu. Makali yanapasua ngozi ya tumbo, na kile kichwa kinatangulia ndani, kinaisukuma nyongo kando bila kuidhuru. Cha kwanza kichwa kilikatika. Cha pili kilikuwa kinene, kikararua matumbo. Cha tano kikakubali. Calvince naye akaongeza lake: alikinoa upande mmoja tu, ili upande wa pili uwe bapa na ulale juu ya mfupa usiache nyama.

Sasa kisu cha kunolewa upande mmoja kina ubaguzi. Cha mtu wa mkono wa kulia hunolewa upande wa kulia. Mimi nikakijaribu, kikapinda, kikakimbia mfupa na kuingia kwenye mnofu. Nikasema basi, hata chuma kimenikataa. Opondo akachukua kingine, akamwambia Calvince akinoe upande wa kushoto. Walitengeneza sita: vitano vya watu, na kimoja changu.

Siku niliyokishika nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kutengeneza kitu akiufikiria mkono wangu. Calvince akanitania, "Shemeji, ukilia hivyo kisu itashika kutu."

Pale Kibuye mafundi walikuwa na kikundi, Opondo mwenyekiti, na katibu Wesonga, fundi wa majiko, mtu anayependa sheria kuliko ugali. Wesonga ndiye aliyesikia kwamba mtu akibuni kitu anaweza kupewa karatasi ya serikali, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kukiiga. Wakaita afisa aje awafundishe. Afisa aliiita hataza. Sisi tuliiita karatasi. Akawaonya kitu kimoja: kisu kisionekane nje mpaka michoro ifike ofisini, kwa sababu anayetangulia kufika ndiye anayehesabiwa mwenyewe.

Kwa hiyo wakaapa. Mafundi wote waliweka mikono juu ya fuawe ya Opondo, ile ya kufulia chuma, wakasema kisu hakitatoka mikononi mwetu hadi karatasi zije. Atakayekitoa ataondoka kwenye kikundi yeye na nyumba yake, na kibanda chake kitapewa mwingine. Vile vitano vilifungiwa kwenye sanduku. Changu kilibaki nami, kwa sababu Opondo alisema mke wangu ni mkono wangu. Alipeleka maombi kwa mtu wa kuchora, na mchoraji akawa wa njoo kesho, njoo keshokutwa.

Katika hizo keshokutwa akaja Naswa.

Naswa alikuwa mtu wa kwetu. Alipika kwa tajiri mmoja mwenye duka kubwa la vyombo vya nyumbani, na alizoea kununua samaki kwangu. Siku hiyo alikuja macho yamevimba. "Mulembe, dada," akanisalimia kwa lugha yetu. "Mjomba amekufa huko kwetu. Naenda kupika matangani na sina hata kisu."

Niambieni, ningefanya nini? Kisu cha matanga hakinyimwi. Hata adui yako akiwa na maiti nyumbani unampa sufuria, unampa kisu, unafunga uzi wa rangi yako kwenye mpini ili kikirudi ukijue. Nilifunga uzi mwekundu nikampa. Kiapo cha mafundi hakikunijia kichwani hata kidogo. Kiapo kilikuwa cha kuuza na kuonyesha, na hii ilikuwa matanga.

Baada ya wiki tatu Naswa alikirudisha kimeoshwa vizuri, uzi wangu bado uko, na pakiti ya sukari juu yake. Nikakiweka mahali pake. Kitu kilichorudi mtu hakihesabu kuwa kilitoka. Opondo hakujua kama kiliwahi kuondoka, na mimi mwenyewe nikasahau.

Miezi mitano baadaye, soko la Kibuye lilijaa visu. Vilikuwa vimepangwa chini kwenye maturubai, mipini ya plastiki ya kijani, vinang'aa, bei ya chini kuliko chuma tunachonunua sisi. Na kila kimoja kilikuwa na kichwa cha punje ya ndengu kwenye ncha. Nilipiga yowe mpaka wauza mitumba wakadhani nimeibiwa. Niliapa palepale kwamba mkono wangu hautagusa uchafu huo maisha yangu yote.

Opondo alinunua kimoja. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alipitisha kidole gumba upande mmoja wa makali, akakipitisha upande wa pili. Akarudia. Kisha akakifunga kwa gazeti, akakitia mfukoni, akaenda zake. Nilidhani ni uchungu wa kuibiwa.

Siku ya pili yake kikundi kilikutana. Wesonga akasimama na kusema, "Kuna mtu alitoa kisu! Tuliapa hapa. Ni nani?" Watu wakaangaliana. Miezi michache nyuma Calvince alikuwa amekwenda Nairobi kwenye maonyesho ya mafundi, akipeleka mabawaba na makufuli. Macho yakaanza kumwelekea mmoja mmoja.

Ndipo Opondo akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Ni ndugu yangu. Aende."

Hakuna aliyetarajia. Mimi nikaruka kama mafuta ya moto. Nilimwita Calvince mwizi, nikamwita nyoka. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, nikasema ugali wangu aliokula umtoke puani. Alinitazama, akamtazama kaka yake, akainamisha kichwa. Alivua aproni ya ngozi, akaiweka juu ya fuawe taratibu, akaondoka. Kesho yake tukasikia yuko Usenge, kwenye boma la wazazi wao, anatengeneza injini za mashua.

Michoro yetu ilipofika ofisini, jibu likarudi kwamba kisu hicho kilikwisha kuandikishwa. Tajiri wa lile duka la vyombo ndiye alitangulia. Nikasema, basi huko ndiko Calvince alikokiuza. Na juu ya hapo ikaja barua, ya adabu sana, ikimwambia Opondo aache kuiga kisu cha mwenyewe. Aache kuiga! Niliisoma mara mbili nikicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Opondo alifungua sanduku, akavitia vile vitano motoni, akavigonga vikawa mabawaba. Changu akaniachia.

Wanawake waliovinunua vile vya kijani walilalamika. "Hii kisu inapinda," waliniambia, "inaacha nyama kwa mfupa." Mimi nilifurahi. Niliwajibu kwamba mali ya wizi ndivyo inavyofanya, haina baraka.

Tangu siku ile Opondo alififia. Alifanya kazi, alikula, lakini ule utundu wa kugeuza chuma na kukifikiria uliisha. Mara nyingine nilimsema Calvince mezani, jinsi alivyotumaliza, naye alikuwa akisema tu, "Wachana naye, mama." Nilidhani ni huruma ya damu. Nikaona ni mimi peke yangu ninayebeba hasira ya nyumba nzima, na nikaibeba kwa nguvu.

Mwezi wa kumi na moja kiharusi kikamwangusha pale Kibuye, nyundo mkononi. Upande wote wa kulia ulikufa na maneno yakamtoka. Alirudi nyumbani akiwa na mkono wa kushoto tu. Nikamfundisha kula nao. "Karibu kwa mashoto," nilimwambia, na nusu ya mdomo wake ikatabasamu. Wakati mwingine alichukua mkono wangu wa kushoto kwa wake wa kushoto, akaugeuza, akaugonga-gonga kwa kidole akinitazama sana. Alikuwa anataka kusema kitu. Mimi niliona ni mapenzi, nikamwambia pole, baba, utapona.

Neno moja ndilo alilobaki nalo. Alilitoa kwa shida, vipande vipande. "Cal... vince." Asubuhi Calvince, mchana Calvince.

Nikamjibu, "Huyo mwizi hatakanyaga nyumba yangu."

Alifunga macho na chozi likashuka upande ule uliokuwa hai. Nililifuta. Sikubadilisha moyo.

Jumamosi moja mchana mlango ukabishwa. Nikafungua, nikamwona Calvince na ngege wawili wametungwa kwa kamba, amekonda, viatu vina matope ya Usenge. "Shemeji, nimesikia ni mgonjwa," akasema. "Nimuone tu dakika moja."

Nilisimama katikati ya mlango, mikono nimeshika fremu huku na huku. Nikamwambia, "Opondo hataki kukuona. Amesema mwenyewe."

Kule ndani Opondo alisikia sauti ya ndugu yake. Alishika kikombe cha bati, akaanza kugonga nacho ukuta. Ko, ko, ko, kwa nguvu zote za ule mkono mmoja. Calvince alinyoosha shingo kuangalia ndani. Mimi nikavuta mlango. Akasimama pale nje kidogo, kisha akaweka samaki chini kwenye ngazi, akaenda. Nikarudi ndani nikampokonya Opondo kikombe, nikamwambia, "Tulia, nimemfukuza."

Opondo alikufa siku ya Alhamisi iliyofuata. Mpaka anakufa hakulitamka tena lile jina.

Tulimzika Usenge, kwa baba yake. Calvince alichimba kaburi pamoja na vijana wa boma, hakunisogelea. Kwenye mazishi watu walinipa pole na mimi nikazipokea. Siku ya nne wageni walikuwa wanaondoka. Nilikaa mbele ya nyumba, na pembeni yangu Adongo, binamu wa Opondo, anapasua ngege wa chakula cha mwisho. Kisu chake kilikuwa kimojawapo cha mipini ya kijani, na alikuwa analalamika peke yake.

"Hii kitu ni takataka. Angalia inavyopinda! Nyama yote inabaki kwa mfupa."

Nilichoka kumsikiliza. Nikasema, "Lete hapa," nikakipokea kumwonyesha jinsi ya kukishika. Nilikuwa nimeapa sitakigusa, lakini mtu mwenye msiba hakumbuki viapo vyake vyote.

Kisu kikaingia mkononi mwangu kama kimerudi nyumbani. Nilikitelezesha tumboni mwa ngege, nyongo ikakaa kando. Nikakilaza juu ya mfupa, nacho kikapita moja kwa moja, hakikupinda hata kidogo, mnofu wote ukatoka mzima. Adongo akasema, "Yawa! Umefanyaje?"

Niligeuza makali juani. Kilikuwa kimenolewa upande wa kushoto.

Kisu cha mashoto kilikuwa kimoja tu duniani. Hakikwenda kwenye maonyesho, wala hakikuwa kimoja cha vile vitano vya sandukuni. Kilikuwa changu, na kilitoka nyumbani mara moja tu, kimefungwa uzi mwekundu, kikaenda matangani. Kwa tajiri wa Naswa mtu alikipima hadi mwisho, akakiiga na ubaguzi wake wote, bila kujua kwamba alikuwa anauiga mkono wa mke wa Opondo.

Nikakumbuka kidole gumba cha Opondo kikipita upande mmoja, na upande wa pili, na tena. Nyasaye, Mungu wangu! Mtu aliyekifua kile kisu angekosaje kujua?

Nilimkuta Calvince nyuma ya ghala. Alikuwa ananoa majembe ya majirani yaliyochimba kaburi, ili yarudishwe kwa wenyewe yakiwa na makali. Nikasimama mbele yake na kile kisu mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua nianze kusema vipi.

"Calvince. Hii kisu ni yangu."

Hakuinua macho. "Mimi ndiye nilinoa, shemeji. Nilijua."

"Na Opondo?"

"Yeye ndiye alikuja kunionyesha. Ile jioni kabla ya mkutano." Aliweka jembe chini, akachukua lingine. "Aliniambia, wewe nikikufukuza bado utabaki ndugu yangu. Lakini wakijua ni mke wangu, watamtupia huo mkono wake usoni mpaka afe. Na kibanda pia ingeenda. Akasema nikubali, mambo yakipoa ataniita yeye mwenyewe. Akaniapisha nisikuambie."

"Kwa nini hakuniuliza mimi? Ilikuwa matanga! Nilimpa Naswa kwa sababu ya matanga!"

"Aliogopa ukijua utaumia," akasema. "Ulikuwa umelia sana siku ile alikupatia."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, na khanga yangu ya msiba. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ajili ya mwizi, na nyoka, na ule ugali, lakini yeye alikuwa na lake. Alinoa kidogo, akasimama.

"Shemeji, nikuulize kitu moja tu. Ile Jumamosi pale mlangoni. Ni kweli alisema hataki kuniona?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ningemwambia kwamba ugonjwa ulimbadilisha, na angeamini, na mimi ningebaki na kidogo cha kunifunika. Nilimtazama uso wake, ulikuwa uso wa Opondo mtupu.

"Hakusema hivyo," nikamwambia. "Ni mimi nilisema. Yeye alikuwa anakuita. Kila siku alikuwa anakuita, na siku ile ulipokuja alikuwa anagonga ukuta ili uingie."

Calvince alibaki ameshika jembe, tupa imesimama juu ya makali.

"Nilisikia akigonga," akasema. "Nilidhani ananifukuza."

Akainama, akaendelea kunoa majembe ya watu.